Miji ya Nchi Yetu: Wajir Wakati wa Vuli

Watu wengi wa bara wakilisikia jina la Wajir hufikiri mara moja habari za jangwa, jua kali na ngamia, nao huishia hapo. Wachache tu ndio wajuao kwamba huko kaskazini-mashariki ya Kenya uko mji mdogo wa kale, wenye majumba meupe na visima vingi, na kwamba mji huo unayo majira yake mazuri ya kutembelewa. Majira hayo ni vuli, yaani miezi ya Oktoba, Novemba na Desemba, ambayo Wasomali huiita Deyr.

Katika nchi za Ulaya na Marekani watu nao hupenda kwenda kuitazama miji yao ya kale katika mwezi wa Oktoba. Huko majani ya miti hugeuka rangi ya dhahabu, kisha hupukutika, na baridi huanza kuingia. Wajir mambo ni kinyume chake. Kuanzia Julai hata Septemba ni majira ya Hagaa, wakati wa upepo na vumbi, na miti mingi husimama mitupu kama kuni. Ikinyesha mvua ya kwanza ya vuli, ule mgunga uliodhaniwa kuwa umekufa huchipua majani kwa siku chache, na nchi iliyokuwa kavu huvaa nguo ya kijani.

Msafiri atokaye Nairobi hupita Thika na Mwingi, huvuka mto Tana akaingia Garissa, kisha hushika njia ya kaskazini kupitia Modogashe na Habaswein. Toka Garissa hata Wajir ni yapata maili 200. Karibu na Habaswein ndiko upoteapo mto wa Ewaso Nyiro, ambao hutoka katika nchi ya milima na kuishia katika kinamasi cha Lorian. Msafiri mwingine huja kutoka upande wa pili, yaani Eldas, ulioko kaskazini-magharibi ya Wajir. Eldas ni mji wa wafugaji, na tangu uchaguzi wa mwaka 2013 ni jimbo lenye mbunge wake. Mtu wa Eldas haji Wajir kutalii; huja kwa ajili ya hospitali, ofisi za kaunti na soko. Walakini yeye hujua kuusoma mji huu kuliko mgeni wa mbali, kwa maana njia nzima moyo wake huuliza swali moja: maji yako wapi, nayo yatadumu mpaka lini?

Swali hilo ndilo ufunguo wa Wajir. Mgeni asiyekuwa nalo huziona kuta nyeupe, akazisifu, akaenda zake. Mwenye kuwa nalo hufahamu kwa nini mji uko pale ulipo, kwa nini watu waliupigania, na kwa nini mwisho walipatana.

Njiani wakati wa vuli kuna mengi ya kupendeza macho. Madimbwi hung'aa kandokando ya barabara. Twiga husimama katikati ya migunga wakila majani mapya, na swala twiga huinuka kwa miguu ya nyuma ili wayafikie matawi ya juu. Makundi ya ngamia huonekana mbali na mji, kwa sababu malisho yamejaa kila mahali na hakuna haja ya kuyasonga machimbo ya maji. Ngamia wengi huzaa wakati wa mvua, kwa hiyo maziwa huwa mengi, na kina mama huyaleta sokoni kila asubuhi. Mgeni akipewa kikombe cha chai iliyopikwa kwa maziwa ya ngamia, pamoja na anjera ya moto, hatalaumu safari yake.

Mtu aingiapo mjini kwanza huuona weupe wake. Chini ya nchi ya Wajir ni mawe ya chokaa. Mawe hayo ndiyo yaliyojengewa nyumba za zamani, na chokaa ndiyo iliyozipaka. Serikali ya Waingereza iliweka kituo chake hapa mwaka 1912, na majumba ya serikali ya zamani yalijengwa kwa kuta nene zenye meno-meno juu, mfano wa ngome za jangwani. Tangu miaka ya 1920 nchi yote ya mpaka wa kaskazini ilifungwa, na mtu wa nje hakuweza kuingia bila ya kibali. Maofisa wachache waliokaa humo walikuwa na klabu yao, wakaiita Royal Wajir Yacht Club, kana kwamba ni klabu ya waendesha mashua, hali bahari iko mbali zaidi ya maili 200. Ulikuwa mzaha wa watu wenye kiu. Vita Kuu ya Pili ilipowadia haikuusahau mji huu mdogo: katika Juni 1940 ndege za Kiitalia zilikuja na kutupa mabomu Wajir. Baada ya Uhuru wa 1963 vikaja vita vya shifta, na sheria za hatari zilizowekwa wakati huo hazikuondolewa mpaka mwaka 1991.

Hayo yote ni historia, lakini si mwanzo wake. Waingereza hawakuijenga Wajir mahali patupu. Walijenga penye maji, na maji yalikuwa na wenyewe zamani sana. Wajir ilikuwa visima kwanza, na mji ukaja baadaye.

Katika nchi hii ambayo mto wa kudumu haupo, maji ya Wajir yamekaa karibu na uso wa nchi, ndani ya yale mawe ya chokaa. Watu wa kale waliyapasua mawe kwa mikono, wakayafikia. Visima hivyo ni vingi, vingine katikati ya mji na vingine pembezoni, na kingo zake zimelainishwa na kamba za miaka isiyohesabika. Wazee huhadithia kwamba vilichimbwa na watu walioitwa Wamadanle, majitu yenye nguvu kupita binadamu wa leo, ambao walitoweka wakaacha visima na marundo ya mawe ya makaburi. Wengine husema habari za Mfalme Sulemani na Malkia wa Sheba. Hadithi ni hadithi, lakini ndani yake mna jambo la kweli, yaani kwamba hakuna ukoo hata mmoja kati ya wanaonywesha hapo leo uwezao kusema kwa hakika, "Visima hivi vyote tulivichimba sisi." Waborana walinywesha hapo, Waajuran, Wadegodia, Waogaden na wengineo wamenywesha hapo. Kila mmoja alivikuta, na kila mmoja atawaachia wengine.

Wenyeji wengi husema kwamba jina lenyewe la Wajir limetoka katika lugha ya Kiborana, na maana yake ni kukusanyika au kukaa pamoja. Jina hilo lafaa, kwa maana kisima humlazimisha mtu kukaa na asiyempenda. Kila kisima kina kawaida zake. Wenye kukitunza, kukizibua na kukijengea ukingo hutangulia kunywesha; wengine hufuata kwa zamu; ngamia huja kwa siku zao, na ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa siku zao, kwa sababu ngamia huweza kuvumilia kiu siku nyingi na ng'ombe hawezi. Lakini mgeni aliyekuja na kiu yake hakataliwi maji ya kunywa, wala haulizwi ni wa ukoo gani kabla hajanywa. Dini ya Kiislamu nayo huhesabu kumnyima mtu maji kuwa kosa kubwa.

Mtu avitembeleaye visima hivi katika Novemba njema atavikuta vimetulia. Watoto huchota maji kwa ndoo, punda wanangoja na madumu yao, na mabirika ya kunyweshea mifugo yako karibu matupu. Mgeni aweza kudhani kwamba visima vimepitwa na wakati. La, asidanganyike. Na aje tena katika Februari, wakati wa Jilaal, majira ya ukame. Hapo mavumbi hupanda mpaka jua likawa jekundu, wanaume hushuka ndani ya kisima na kupokezana ndoo kwa nyimbo, na mifugo hulia usiku kucha ikingoja zamu. Vuli ni wakati wa visima kupumzika tu.

Tena iko miaka ambayo vuli yenyewe haiji. Tangu mvua za Oktoba 2020 mpaka mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha katika nchi za Pembe ya Afrika. Wajir ilikuwa katikati ya msiba huo. Mwezi wa Desemba 2021, ambao ulipasa kuwa wakati wa majani mabichi, twiga sita walikufa huko Sabuli katika Wajir baada ya kunasa katika matope ya bwawa lililokuwa likikauka. Walikuwa wamefuata maji, na udhaifu haukuwaruhusu kujitoa. Ikiwa mnyama wa porini alikufa hivyo, hali ya mfugaji aliyepoteza kundi lake lote haihitaji kuelezwa kwa maneno mengi. Katika miaka hiyo wengi walirudi kwenye visima vya kale vya Wajir.

Kwa hiyo, amani ya Wajir ni amani ya visima na malisho, na ikivunjika huvunjikia hapo. Katika miaka ya 1992 na 1993 ukame na ugomvi wa koo viliunguza wilaya nzima. Watu waliuawa, mifugo ilitekwa, na hata sokoni mwanamke wa ukoo mmoja hakutaka kumwuzia mwenziwe wa ukoo mwingine. Ndipo wanawake wachache wa mji, wa koo mbalimbali, walipoanza kukutana na kuulizana kama soko nalo litaachwa life. Wakakubaliana kwamba sokoni kila mwanamke atauza na kununua bila ya kuulizwa ukoo wake, wakachagua watu wa kusimamia jambo hilo na kulikata shauri kila ugomvi ulipotokea. Baadaye walikwenda kwa wazee, na vijana, na wafanyakazi wa serikali. Katika Septemba 1993 wazee wa koo walitoa mapatano yaitwayo Azimio la Al-Fatah, yakiweka kanuni za kurudisha amani. Mmoja wa wanawake wale, Bibi Dekha Ibrahim Abdi, alipata mwaka 2007 tuzo ya Right Livelihood inayotolewa huko Sweden. Alifariki Julai 2011 baada ya ajali ya barabarani, alipokuwa katika safari ya kazi hiyo hiyo ya upatanishi. Kamati za amani za mfano wa Wajir zimeigwa katika wilaya nyingi za Kenya.

Ukitazama vema, utaona kwamba wanawake hawa hawakubuni sheria mpya. Waliichukua kawaida ya kisimani, kwamba mtu hupewa maji kabla ya kuulizwa ukoo, wakaipeleka sokoni.

Hapana budi kutaja pia jambo moja la huzuni, kwa sababu mtu hawezi kusema kwamba ameitembelea Wajir ikiwa hajui neno Wagalla. Magharibi ya mji, mwendo mfupi kwa gari, upo uwanja wa ndege wa Wagalla. Tarehe 10 Februari 1984 wanaume wengi wa Wadegodia walikusanywa na askari, wakapelekwa uwanjani humo, wakazuiliwa kwa siku kadhaa juani bila ya chakula wala maji, na wengi waliuawa. Mwanzoni serikali ilitaja waliokufa kuwa 57. Walionusurika na jamaa zao hutaja hesabu kubwa zaidi sana, hata maelfu. Mambo hayo yameandikwa katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013. Katika mji uliojaa visima, watu walinyimwa maji. Hilo ndilo ambalo wazee hulikumbuka kwa uchungu mwingi.

Wakati huo alikuwako Wajir mwanamke Mwitaliano, Annalena Tonelli, ambaye tangu miaka ya 1970 alikuwa akiwatibu wenye kifua kikuu. Yeye aliona kwamba mfugaji hawezi kulala kitandani hospitalini miezi mingi, basi akawaruhusu wagonjwa wajenge vibanda vyao karibu na mahali pa matibabu, wakae kama walivyozoea, na kila siku wameze dawa mbele ya mwenye kuwahudumia. Njia hiyo ilifaulu, na madaktari wa nchi nyingine walijifunza kwayo. Yalipotokea ya Wagalla alikwenda kuwaokoa majeruhi na kuzika maiti, na mwaka uliofuata alilazimika kuondoka Kenya. Aliuawa huko Borama katika Oktoba 2003, mwaka ule ule aliopewa tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa.

Basi, yako mambo gani yanayovitisha visima leo? La kushangaza ni kwamba mvua yenyewe ni mojawapo. Maji yakiwa karibu na uso wa nchi, uchafu nao huwa karibu na maji. Kwa sababu hiyo shimo la choo la kawaida halifai Wajir; hujaa maji mvua inaponyesha, na uchafu hupenya katika mawe ya chokaa mpaka kisimani. Kwa miaka mingi wenyeji walitumia vyoo vya ndoo, na kazi ya kuziondoa ndoo hizo ilikuwa taabu na fedheha. Mvua kubwa ya mwisho wa mwaka 1997 ilifunika sehemu nyingi za mji, na mapema katika 1998 malaria iliwashambulia watu ambao miili yao haikuizoea, ikaua wengi. Mwishoni mwa 2023 mvua kubwa ilirudi tena, mafuriko yakakata barabara karibu na Garissa, na wasafiri wakakwama. Watu walioomba mvua kwa miaka mitatu wakajikuta wanaikimbia.

Hii ndiyo sababu ya kuvitunza visima wakati wa vuli, wala si kungoja kiangazi. Wakati mifugo iko mbali na kazi ni ndogo, ndipo inapofaa kuinua ukingo wa kisima ili maji ya mafuriko yasiingie, kukifunika, kuwekea mifugo birika lake mbali na mdomo wa kisima, na kuhamisha vyoo na majalala. Maji ya kunywa na yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama ni yale yale aliyokunywa babu. Babu aliyanywa wakati watu wa mji walikuwa wachache. Sasa mji umekua, tena ni makao makuu ya kaunti, na watu wanazidi kuja. Kisima kilichostahimili miaka mingi ya kamba na ndoo chaweza kuharibiwa kwa mwaka mmoja wa uzembe.

Kwa mtu atakaye kwenda kuutazama mji huu, maneno machache ya adabu yatamfaa. Kwanza aulize habari za njia kwa wakuu wa serikali kabla ya kuondoka, kwa sababu ya mvua na kwa sababu ya usalama wa mpakani, na wakimwambia angoje, na angoje. Pili, ajifunze salamu. Wasomali husalimiana kwa kuuliza, "Ma nabad baa?" yaani, "Je, ni amani?" na jibu ni, "Waa nabad," yaani, "Ni amani." Si salamu ya kupitisha tu; katika mji huu watu wamejua maana ya kulikosa jibu hilo. Tatu, avae nguo za heshima, asimpige mtu picha bila ya idhini yake, wala ngamia wa mtu asiwahesabu kwa sauti mbele ya mwenyewe. Nne, akifika kisimani, asimame kando kwanza, asalimu, na angoje kukaribishwa, hata kama hana kiu.

Mtu wa Eldas amalizapo shughuli zake mjini hupitia kisimani kabla ya kurudi kwao. Huyajaza madumu yake, ingawa njiani madimbwi yamejaa na nchi ni ya kijani. Mgeni aweza kumwona kuwa anajisumbua bure. Yeye lakini anajua kwamba madimbwi ni ya Novemba, na mwaka una miezi kumi na miwili.